Mashua, tochi na meli isiyo na mtu: uchambuzi wa mgongano nje ya Mombasa

Kisa hiki nimekitunga. Hakuna mashua, meli wala kampuni halisi ndani yake. Sheria zilizomo ndizo halisi, nazo ndizo wakili wa Mombasa angezikimbilia lau jambo kama hili lingetokea kesho.

Yaliyotokea

Ni msimu wa kaskazi na bahari imetulia. Mashua ya tanga yenye urefu wa mita 6.4 inarudi pwani kutoka maji makuu. Ndani mna wavuvi watano: nahodha, mwanawe, na vijana watatu wa mtaa mmoja kule Likoni. Mishipi imeshakunjwa na jodari wamefunikwa turubali. Mashua haina injini, haina rada, wala haina AIS, kile chombo kinachotangazia vyombo vingine jina la meli, mahali ilipo na mwendo wake. Saa tisa na dakika arobaini usiku nahodha anaona taa za meli kubwa ikitokea kusini, upande wake wa kushoto. Anamulika tanga lake kwa tochi, kisha anaielekeza ile tochi kwenye meli na kuipungapunga. Meli haibadili njia.

Meli yenyewe ni ya makontena, urefu wa mita 170, ujazo wa tani 20,000, inatoka Durban kuja bandari ya Kilindini, Mombasa, kwa mwendo wa noti 14, yaani maili 14 za baharini kwa saa. Inapeperusha bendera ya nchi ambayo mwenye meli hakai wala hafanyi biashara. Ndani hamna mtu hata mmoja. Mpango ni kwamba mabaharia wanne wa muda watapelekwa kwa boti na kuipanda nje ya bandari kabla ya rubani, yule anayeongoza meli kuingia bandarini, kufika. Mpaka hapo inaongozwa kutoka chumba cha skrini katika mji mmoja wa Ulaya ya kaskazini, ambako mwendeshaji wa zamu anaangalia meli tatu kwa pamoja.

Dakika tatu kabla ya mgongano mawasiliano ya setilaiti yanakatika, na yanakaa dakika nne bila kurudi. Katika dakika hizo programu ndiyo inayoamua. Rada imenasa mwangwi hafifu wa mbao. Kamera ya joto imeona kitu. Programu inakiandika kuwa ni takataka inayoelea na kushika njia ile ile. Omo ya meli, sehemu yake ya mbele, inaivunja shetri, sehemu ya nyuma ya mashua. Mawasiliano yanaporudi, mwendeshaji anakuta tahadhari ya daraja la chini kwenye skrini, anatazama picha ya bahari nyeusi, anaifunga. Meli inaendelea na safari.

Wanne wanashikilia mbao mpaka alfajiri, wakaokolewa na mashua ya wenzao. Mtoto wa nahodha hakuonekana tena. Asubuhi meli inafunga gatini Kilindini, na kwenye omo yake kuna mchubuko wa rangi ya samawati.

Liko jambo moja la kushika mapema. Wavuvi, kwa kukisia saa walizosafiri na taa za mji walizokuwa wakiziona, wanasema waligongwa maili 11 za baharini kutoka pwani. Kumbukumbu za meli zinasema maili 13.

Sheria imefika wapi

Meli za namna hii zipo. Yara Birkeland ya Norway, meli ya umeme ya mita 80 inayochukua makontena 120, ilianza kazi ya biashara mwaka 2022, japo ilianza ikiwa na mabaharia ndani. Mwezi Januari mwaka huo huo Wajapani waliifanyia majaribio meli ya makontena iitwayo Mikage, ikajiongoza kutoka Tsuruga hadi Sakai. Chombo kidogo cha utafiti, Mayflower, kilivuka Atlantiki bila mtu na kufika Halifax mwezi Juni 2022, baada ya hitilafu ya jenereta kukilazimisha kupitia visiwa vya Azores. Hitilafu kama ile fundi wa kawaida wa chumba cha injini angeihangaikia hapo hapo. Tatizo ni kwamba fundi hakuwamo.

Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilianza mwaka 2017 kuipitia mikataba yake kuona wapi inakwama mbele ya meli hizi, na likamaliza mwaka 2021. Ngazi ziligawanywa nne: meli yenye mitambo ya kumsaidia baharia, meli inayoongozwa kutoka mbali ikiwa na mabaharia ndani, inayoongozwa kutoka mbali bila mabaharia, na ile inayojiamulia yenyewe kabisa. Kwa ratiba iliyopangwa mwaka 2024, kanuni za hiari zilitarajiwa Mei 2026, na zile za lazima kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2032. Mpaka siku hiyo, meli ya kisa chetu inahukumiwa kwa mikataba iliyoandikwa na watu ambao fikra ya meli bila baharia haikuwapitia.

Tena ngazi hizo nne hazikai mahali pamoja. Meli yetu ilikuwa ngazi ya tatu usiku kucha, ikawa ya nne kwa dakika nne, ikarudi ya tatu. Mtu alikufa katika dakika zile nne.

Tochi mbele ya Kanuni za Migongano

Nahodha akikaa mbele ya wakili, mazungumzo yataanzia hapa.

"Wakili, nilimmulikia mpaka mkono ukachoka. Hawezi kusema hakuniona."

"Mzee, mle ndani hamkuwa na mtu."

"Basi nilikuwa namwonyesha nani?"

Watu wengi, hata mawakili, hudhani kuwa mashua bila taa ya kijani na nyekundu imeshakosea hata kabla kesi haijaanza. Sivyo. Kanuni za Kuzuia Migongano Baharini za 1972, katika kanuni ya 25, zinakitaka chombo cha tanga kisichofika mita 7 kiwashe taa za kawaida iwapo inawezekana. Isipowezekana, kiwe na tochi au taa nyeupe tayari mkononi, ionyeshwe mapema kiasi cha kuzuia mgongano. Kwa hiyo nahodha wetu alikuwa ndani ya sheria. Kanuni ya 18 inampa haki zaidi: meli ya injini ndiyo inayopaswa kukipisha chombo cha tanga.

Lakini angalia ile kanuni ya tochi inasimama juu ya nini. Haina maana yoyote isipokuwa upande wa pili pana jicho. Aliyeiandika alimwona baharia wa zamu amesimama kwenye daraja la meli, akaona kimwanga chini gizani, akajiuliza kile ni nini, akageuza usukani kwa kuhofia tu. Kanuni ya 5 inasema wazi kwamba kila chombo kiwe na ulinzi wa macho na masikio wakati wote, pamoja na njia nyingine zozote zilizopo. Watetezi wa meli zinazojiendesha husema kamera inaona kuliko jicho la mtu aliyechoka saa tisa za usiku. Inawezekana, nami sibishi kuhusu ubora wa kioo. Ninachobishia ni kile kinachofuata baada ya kuona. Kanuni ya 7 inakataza kukisia kwa habari pungufu, na inasema ukiwa na shaka kama ipo hatari ya kugongana, hesabu kwamba ipo. Programu iliyopata mwangwi hafifu, ikapata na joto la miili ya watu, kisha ikaamua ni takataka, imefanya kinyume cha kanuni hiyo. Ilikuwa na shaka, nayo haikuipa uzito wowote. Kosa hilo linasimama bila kulazimika kuthibitisha kwamba mashine "ilizembea", jambo ambalo mahakama ingehangaika nalo bila faida.

Upande wa meli hautanyamaza. Hoja ya kwanza itakuwa kwamba wavuvi walikuwa wakivua, si wakisafiri, na anayevua usiku anapaswa kuwasha taa nyekundu juu ya nyeupe kwa kanuni ya 26. Ndiyo maana mishipi iliyokunjwa ni ushahidi mkubwa, na wakili aulize habari zake siku ya kwanza kabla kumbukumbu hazijachanganyika. Ya pili ni kwamba taa ndogo za betri siku hizi ni rahisi, hivyo taa za kawaida "ziliwezekana". Hoja hiyo ina nguvu kiasi. Mahakama inaweza kuwakata wavuvi sehemu ya fidia kwa sababu hiyo, kwa kuwa Mkataba wa Migongano wa 1910 unagawa hasara kwa kadiri ya kosa la kila upande. Mkataba huo huo unasema hakuna anayedhaniwa mkosaji kwa mujibu wa sheria. Anayedai ndiye athibitishe. Ya tatu itakuwa kwamba mawasiliano yalipokatika meli ilikuwa chombo kisichotawalika, hivyo haikuwajibika kupisha. Hii itupwe. Kanuni ya 3 inataka hali isiyo ya kawaida inayokifanya chombo kishindwe kufuata kanuni, na kanuni ya 27 inakitaka chombo hicho kiwashe taa mbili nyekundu. Meli yetu ilikuwa na taa za safari, ilikuwa ikijiongoza barabara, na kukatika kwa setilaiti ni jambo lililopangwa ndani ya mtambo wenyewe.

Nahodha wa dakika nne

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, kifungu cha 94, unaitaka nchi ya bendera, yaani ile ambako meli imesajiliwa, ihakikishe kila meli iko chini ya nahodha na maofisa wenye sifa. Haukusema nahodha awe ndani. Wataalamu waliokusanywa na IMO walikubaliana mwaka 2023 kwamba kila meli ya aina hii lazima iwe na nahodha aliye mwanadamu, ingawa anaweza kuwa nje ya meli, na kwamba manahodha wakipokezana katika safari moja, kwa wakati wowote awe mmoja tu mwenye dhamana.

Maneno mazuri. Nani alikuwa nahodha mtandao ulipokatika? Sheria ya Uingereza ya usafiri wa meli ya 1995 inamtambua nahodha kuwa ni mtu yeyote, isipokuwa rubani, mwenye amri au usimamizi wa meli. Mwendeshaji asiye na mawasiliano hana amri ya chochote kwa dakika hizo. Hata hivyo sioni kama hoja hii inapaswa kumwokoa. Anayekabidhi usukani kwa kitu asichoweza kukisimamia amekwisha kutoa amri, na amri yenyewe ni ile ya kukabidhi. Nahodha wa jahazi anayekwenda kulala akimwachia usukani baharia mchanga hasemi asubuhi kwamba hakuwa nahodha usiku.

Pengo halisi liko kwenye mafunzo. Mkataba wa STCW wa 1978, unaoweka viwango vya vyeti vya mabaharia, unawahusu wanaofanya kazi ndani ya meli za baharini. Aliyekaa mbele ya skrini nchi kavu hayumo. Kijana anayetoka chuo cha bahari hapa Mombasa anatakiwa kutimiza muda wake baharini ndipo apewe cheti cha ofisa. Yule aliyekuwa na meli tatu mikononi usiku ule, mkataba huo haumdai hata siku moja ya kuikanyaga sitaha.

Waliobaki majini

Hapa ndipo sheria inapovunjika vibaya zaidi, na ndipo makala nyingi za mada hii hupita mbio.

Kifungu cha 98 cha mkataba wa 1982 kinazitaka nchi zimlazimishe nahodha wa meli yenye bendera yao kumsaidia yeyote anayekutwa baharini katika hatari ya kupotea, na baada ya mgongano kukisaidia chombo cha pili na watu wake na, ikiwezekana, kukitajia jina la meli, bandari ya usajili na bandari inayofuata. Mkataba wa SOLAS, ule wa usalama wa maisha baharini, nao katika sura ya V kanuni ya 33 unamtaka nahodha aliye mahali pa kuweza kusaidia aende kwa kasi yote. Wajibu huu ni mkongwe kuliko karatasi zote hizi. Wavuvi wa pwani hii hawakuusoma popote. Waliokoteana alfajiri ile kwa sababu ndivyo ilivyo.

Meli bila mtu haiwezi kushusha boti wala kumvuta mtu kwa kamba. Hawezi kuwapo wa kusikia mtu akipiga kelele. Lakini kifungu kimeandikwa kwa kadiri ya uwezo wa nahodha, na wenye meli watasema uwezo wao ni kutuma ujumbe. Nasema hata hicho kidogo hakikufanyika. Mwendeshaji alikuwa na picha, alikuwa na tahadhari, na angeweza kusimamisha meli, kuwasha taa zote, na kukipigia kituo cha uratibu wa uokoaji kilichopo Mombasa kukipa mahali penyewe. Angefanya hivyo, boti ingetoka na kijana angetafutwa kabla ya kucha.

Nenda mbele kidogo uone ugumu. Tuseme alifanya yote hayo, meli ikasimama ikiwaka taa kama hoteli ya Nyali, na watu wanne wakaogelea mpaka ubavuni mwake wakakuta ukuta wa chuma usio na ngazi wala kamba. Je, wajibu umetimizwa? Kwa herufi za kifungu, yumkini ndiyo. Hapo ndipo tunapaswa kukataa. Uwezo wa meli kusaidia huamuliwa siku inapochorwa. Aliyechora meli isiyo na boya la kujiangusha lenyewe wala kamba ya kushikia amejipunguzia uwezo kwa hiari yake, halafu anajitetea kwa upungufu huo huo. Kanuni za 2032 zisipoliziba tundu hili, watakaolia ni watu wa mashua na ngalawa, maana meli kubwa kwa meli kubwa zitaonana kwa AIS.

Maili 11 au 13

Tofauti ya maili mbili inaamua kama polisi wa Kenya wanaweza kumgusa mtu.

Ndani ya maili 12 ni bahari ya taifa, na kifungu cha 27 cha mkataba wa 1982 kinairuhusu nchi ya pwani kutumia mamlaka yake ya jinai juu ya meli ya kigeni iwapo madhara ya kosa yameifikia nchi hiyo. Mkenya amekufa; yameifikia. Nje ya hapo, kwenye ukanda wa kiuchumi, kinaingia kifungu cha 97: kwa mgongano au tukio jingine la uendeshaji, anayeweza kushtaki nahodha au mtu mwingine aliye katika utumishi wa meli ni nchi ya bendera au nchi ya uraia wa mshtakiwa, basi.

Kifungu hicho kina historia. Mwaka 1926 meli ya Kifaransa Lotus iligongana na Bozkurt ya Uturuki, Waturuki wanane wakafa, na mwaka uliofuata mahakama ya kimataifa ikaamua Uturuki ilikuwa na haki ya kumshtaki ofisa Mfaransa. Mataifa yenye meli hayakufurahi, yakaigeuza kanuni hiyo kwa mikataba. Karibu zaidi na sisi ni kesi ya Enrica Lexie: mwaka 2012 wanajeshi wa Italia waliokuwa ndani ya meli ya mafuta waliwapiga risasi na kuwaua wavuvi wawili wa Kihindi nje ya Kerala, zaidi ya maili 20 kutoka pwani. Mwaka 2020 baraza la usuluhishi likasema kifungu cha 97 hakihusiki pale kwa kuwa risasi si mgongano, ingawa kesi ya jinai ilikwenda Italia kwa sababu ya kinga ya wanajeshi wale. Kisa chetu hakina mlango huo. Ni mgongano mtupu.

Sasa sikiliza kichekesho. Mwendeshaji wetu atataka kuwa "katika utumishi wa meli" ili kifungu cha 97 kimkinge na mahakama za Kenya, na atakataa kuwa "nahodha" ili kifungu cha 98 kisimfunge kuhusu uokoaji. Hawezi kuwa baharia panapo faida na karani wa ofisi panapo hasara. Na nchi ambako chumba cha skrini kipo, iliyo na polisi wa kuweza kugonga mlango ule, haimo kabisa kwenye orodha ya kifungu cha 97, isipokuwa ikitokea mwendeshaji ni raia wake.

Maili zenyewe zitathibitishwaje? Meli kubwa lazima iwe na kisanduku cha kumbukumbu za safari, na sehemu ya kumbukumbu hizo ni sauti za kwenye daraja. Hapa utapewa saa 48 za kimya. Yaliyo na thamani ni kumbukumbu za programu: ilinasa nini, ikakipa jina gani, mahali gani, saa ngapi. Zipo kwenye mashine za mwenye kudaiwa, nje ya nchi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti cha mtu mwenye dhamana juu ya mtambo uliotoa kumbukumbu. Maana yake, mvuvi anamhitaji mpinzani wake atie sahihi. Njia ya kupita pembeni ni ishara za AIS za meli hiyo zilizonaswa na mitambo ya nchi kavu, ambazo mwendeshaji hana ufunguo wake, na amri ya mapema ya mahakama ya kuzuia kumbukumbu zisifutwe.

Meli inakamatika

Kuhusu fidia mambo si mabaya kama watu wanavyodhani, na hapa ndipo ningempa nahodha moyo. Wasomi wanaojadili kama programu inaweza kuwa na dhima yake wenyewe waachiwe makongamano yao. Chuma kimefungwa gatini Kilindini, na chuma kinakamatika.

Kifungu cha 4 cha Sheria ya Mahakama, sura ya 8, kinaipa Mahakama Kuu ya Kenya mamlaka ya masuala ya bahari kwa kadiri ile ile ya Mahakama Kuu ya Uingereza. Kwa hiyo tunasoma vifungu vya 20 na 21 vya sheria ya Uingereza ya 1981. Dai la kifo linaingia kwa kifungu cha 20 aya ya 2(f), na maneno yake yanatufaa kuliko alivyokusudia mwandishi wake: kifo kilichotokana na kasoro ya meli au vifaa vyake, au na kosa la mwenye meli, aliyeikodi, au aliye na meli mikononi au anayeitawala, katika kuiendesha. Programu iliyoshindwa kutofautisha mtu na takataka ni kasoro ya vifaa. Chumba cha skrini kinaitawala meli. Huhitaji kumtafuta nahodha.

Kwa mashua iliyovunjika kuna zaidi. Tangu uamuzi wa Uingereza wa 1851 katika kesi ya meli Bold Buccleugh, dai la uharibifu uliofanywa na meli hushikamana na meli yenyewe, hata ikiuzwa kesho kwa mtu asiyejua lolote. Upande wa pili unaweza kusema dai hilo linahitaji kosa la mwenye meli au watumishi wake, na kwamba chumba cha skrini ni kampuni ya kandarasi, si mtumishi. Ningejibu kwamba aliyepewa meli aiendeshe hawezi kugeuzwa mgeni asiyehusika siku ya ajali.

Wakili ajihadhari na jambo moja. Kila mwanasheria wa Kenya anaijua kesi ya Lillian S ya 1989, iliyotokana na bei ya mafuta yaliyodaiwa kuuziwa meli. Ndiyo iliyofundisha kwamba bila mamlaka mahakama haipigi hatua nyingine hata moja. Hati ya kiapo ya kuomba kukamata meli lazima ioneshe, tangu mwanzo, nani angewajibika binafsi na kwamba ndiye mwenye meli au aliyeikodi nzima na kuiendesha kama yake. Umiliki wa meli hizi umegawanywa makusudi: mwenye chuma, mwenye programu, mwenye chumba cha skrini, mwenye mkataba wa usimamizi. Mshtaki asiyewatenganisha mapema atafukuzwa mlangoni.

Na kama meli isingeingia? Mwendeshaji aliyesikia habari za kijana aliyepotea angeweza kubonyeza vitufe na kuigeuza, bila baharia wa kulalamika kwamba chakula kimekwisha. Hapo inabaki kusubiri meli nyingine ya mwenye huyo huyo ifike Kilindini, kwa kuwa kifungu cha 21 kinaruhusu kukamata meli ndugu.

Meli ikishakamatwa, bima ya wenye meli hutoa barua ya dhamana ili iachiliwe, na kesi inaendelea dhidi ya barua hiyo. Kikomo cha dhima, yaani kiwango cha juu anachoweza kudaiwa mwenye meli, cha Itifaki ya 1996, kama kilivyopandishwa mwaka 2015, hakina uzito hapa: kwa meli ya tani 20,000 madai ya vifo na majeraha peke yake yanafika takribani SDR milioni 24.8 (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa), mbali sana na thamani ya mashua na uhai wa mtu mmoja inavyohesabiwa mahakamani. Kwa ajili ya familia, Sheria ya Ajali za Vifo, sura ya 32, inawapa wategemezi haki ya kudai. Mwili haukupatikana, lakini si lazima mjane asubiri miaka 7 ya kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi. Mashahidi wanne walioona akipotelea majini wanaweza kuthibitisha kifo, na Kadhi atahitaji ushahidi huo huo kwa eda na mirathi. Wasikae pia kwa kudhani wana miaka 3 ya sheria ya ajali. Mkataba wa 1910 unaweka 2.

Bandari ingeweza kuweka masharti gani

Meli inayopita tu njiani, Kenya haiwezi kuizuia kwa sababu haina mabaharia. Kifungu cha 21 cha mkataba wa 1982 kinakataza nchi ya pwani kuwawekea wapitaji kanuni zake za ujenzi na idadi ya watu melini, isipokuwa zile zinazokubalika kimataifa. Inayotaka kuingia bandarini ni habari nyingine. Kifungu cha 25 na cha 211 vinatambua haki ya bandari kuweka masharti ya kuingia, ili mradi yatangazwe na yale ya kuzuia uchafuzi yapelekwe IMO.

Sharti la kwanza lingekuwa mahali pa kupandisha mabaharia wa muda. Leo mawazo yote yako kwa rubani: SOLAS inataka ngazi yake isimamiwe na ofisa mwenye dhamana, na asipokuwapo mtu melini rubani hapandi. Lakini mabaharia wakipanda karibu na rubani, meli imeshapita bila jicho katikati ya watu wanaovua usiku. Wapande mbali zaidi, kabla ya maji hayo. La pili ni jaribio la kamera na rada mbele ya mashua halisi ya mbao, ya tanga, yenye mtu anayepunga tochi, badala ya boya la chuma linalong'aa kwenye rada. La tatu, vifaa vya kujiangusha kwa ajili ya walio majini. La nne, nakala ya kumbukumbu za programu ikabidhiwe Kenya kila meli inapofunga. La mwisho ni la kikarani, nalo lingerahisisha yote niliyoyaeleza: kila meli ya aina hii iwe na wakala Mombasa mwenye mamlaka ya kupokea hati za mahakama na kutoa dhamana, na jina lake liandikwe kwenye maombi ya kuingia kabla meli haijaondoka bandari ya mwisho.